Kihoro, na moyo unaofura kama mtungi

Tuseme ni nyumba moja ya Tandika. Saa nane usiku simu inaita, na mama wa miaka 64 anaambiwa mumewe, aliyekuwa njiani kutoka Morogoro, amefariki kwa ajali. Kufika alfajiri turubai limeshafungwa uani, majirani wamejaa sebuleni, naye ameegemea ukuta akisema kifua kinambana na pumzi haishuki. Mmoja anampepea kwa kanga. Mwingine amekoroga maji ya sukari. Shoga yake wa siku nyingi anawaambia wenzake, "Mwacheni mwenzenu apumue. Miaka arobaini na mume si haba." Mfano huu nimeutunga mimi, lakini aliyekaa kwenye misiba ya Dar es Salaam ataitambua sura ya mama huyo.

Kiswahili kina neno la hali hii: kihoro. Wazee waliposema fulani amekufa kwa kihoro hawakuwa wakipamba maneno, walikuwa wakitaja sababu ya kifo. Nataka kulirudishia neno hilo uzito wake. Leo inajulikana kwamba huzuni ya ghafla, hofu kuu au maradhi makali ya mwili huweza kuulemaza msuli wa moyo ndani ya saa chache. Wengi hupona, na kwa sababu wengi hupona, ugonjwa huu umepata sifa ya kuwa mwepesi. Hapo ndipo penye hatari. Msuli huweza kurudi katika hali yake baada ya wiki kadhaa, lakini mgonjwa anaweza kufa kabla ya wiki hizo kupita.

Madaktari wa Japani ndio walioueleza kwanza, mwaka 1990, wakauita takotsubo. Ni jina la chungu cha kutegea pweza. Wavuvi wetu wa pwani humchokoa pweza mwambani maji yakipwa; Wajapani humteremshia chungu chenye shingo nyembamba na tumbo pana, naye hujiingiza mwenyewe akidhani amepata pango. Madaktari wale walipopiga picha ya chumba cha chini cha kushoto cha moyo, kile kinachosukuma damu kwenda mwili mzima, waliona umbo hilohilo. Ncha ya moyo ilikuwa imefura na imelala, haikazi. Sehemu ya juu, karibu na mlango wa kutokea damu, ilikuwa ikikaza kwa nguvu kupita kawaida. Aliyelelewa na mtungi wa maji pembeni mwa mlango hahitaji mchoro kuelewa: shingo nyembamba, tumbo limetanuka.

Shika umbo hilo akilini, kwa sababu madhara mengi nitakayoyaeleza yanatokana nalo.

Mtu akishtuka, tezi zilizokaa juu ya figo pamoja na ncha za neva humwaga adrenalini na noradrenalini kwenye damu na kwenye moyo wenyewe. Kwa kiasi cha kawaida homoni hizo huupa moyo nguvu ya kukimbia hatari. Mwaka 2005 watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 19 waliougua moyo baada ya mshtuko wa kihisia. Kiwango cha homoni hizo kwenye damu yao kilikuwa mara 2 hadi 3 ya kile cha watu waliolazwa kwa shambulio kali la moyo. Kwa wingi huo, wataalamu wengi wanaeleza, homoni hizi hugeuka na kuuzima msuli uliokuwa ukizitegemea, hasa kwenye ncha ambako vipokezi vyake, yaani sehemu za msuli zinazozipokea, ni vingi, na mishipa midogo kabisa ya moyo hujikaza.

Msiba ni mlango mmoja tu wa kuingilia. Katika rejesta kubwa ya wagonjwa 1,750 wa Ulaya na Marekani iliyochapishwa mwaka 2015, waliougua baada ya tatizo la mwili walikuwa wengi kuliko waliougua baada ya tatizo la hisia: asilimia 36 dhidi ya karibu 28. Tatizo la mwili ni kama pumu iliyobana, upasuaji, damu kuvuja kichwani, au maambukizi makali. Zaidi ya robo hawakuwa na sababu yoyote iliyoonekana. Wapo hata waliougua kwa furaha, kwenye harusi ya mtoto au sherehe ya kuzaliwa, ingawa ni wachache sana. Karibu 90 katika kila 100 walikuwa wanawake, na wengi wao umri wa hedhi ulikuwa umeshapita. Wanaume ni wachache, lakini akiugua mwanaume hali yake huwa mbaya zaidi, kwa sababu mara nyingi nyuma yake kuna ugonjwa mwingine mzito.

Kwa macho ya sebuleni, na hata kwa macho ya daktari wa mapokezi, ugonjwa huu hautofautiani na shambulio la moyo la kawaida, lile la mshipa kuziba. Maumivu ni yaleyale. Kipimo cha umeme wa moyo, ECG, huonyesha mabadiliko yanayofanana. Troponini, protini inayovuja msuli wa moyo ukiumia, hupanda. Kipimo cha ECHO, picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, kinaweza kuonyesha ule mtungi, lakini kinachokata shauri ni kuingiza mrija mwembamba kupitia mkononi au kwenye kinena, kumimina dawa inayoonekana kwenye picha, na kutazama mishipa inayoulisha moyo. Kwa Dar es Salaam kazi hiyo hufanyika kwenye mtambo wa Cathlab, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, JKCI, iliyoko eneo la Muhimbili, Upanga, inao. Kwa hiyo asiwepo mtu msibani anayejipa kazi ya kuamua kwamba hili ni kihoro na si mshipa ulioziba. Mpaka picha ipigwe, ni shambulio la moyo.

Sasa tuseme mama wa Tandika amefikishwa, amepigwa picha, na daktari anatoka kuwaambia wanawe: mishipa iko safi. Nimetafakari sana maneno hayo matatu. Ni ya kweli, na ndiyo yanayowapotosha ndugu. Kwa masikio yetu "safi" maana yake hana ugonjwa, amesingiziwa presha, tumrudishe nyumbani awahi mazishi. Alichosema daktari ni kwamba mabomba ya kuulisha moyo hayajaziba. Hajasema pampu inafanya kazi. Katika rejesta ile ya 2015, waliofariki wakiwa bado wodini walikuwa takriban 4 katika kila 100, na walipolinganishwa na wagonjwa wa shambulio la kawaida la moyo, idadi ya waliopatwa na madhara mazito wakiwa wodini haikupishana sana. Ugonjwa wa "mishipa safi" uliua karibu sawa na ule wa mshipa ulioziba.

Dhara linalotokea zaidi ni moyo kushindwa kuisukuma damu yote inayoufikia. Damu inajirundika nyuma, kwenye mapafu, na maji yake yanapenya kwenye vifuko vya hewa. Mgonjwa hawezi kulala chali, anataka kuketi, anakohoa, pengine anatoa povu. Dalili hii hufichwa kirahisi na kilio, kwani anayelia naye hukosa pumzi. Tofauti ni kwamba aliyekosa pumzi kwa kulia akinyamaza hutulia. Huyu akinyamaza bado anahema, na ukimlaza ni mbaya zaidi.

Dhara la pili ndilo ninalotaka kukaa nalo, maana limejificha na dawa zake ni kinyume cha mazoea. Kumbuka shingo ya mtungi. Ncha ya moyo ikilala, sehemu ya juu hukaza mara mbili kujaribu kufidia. Ikikaza mno, njia ya kutokea damu inakuwa nyembamba, na jani moja la valvu iliyo jirani, kile kilango kinachozuia damu isirudi nyuma, linavutwa kuingia njiani na kuiziba nusu. Anayepanda mwendokasi Kimara asubuhi amewahi kuona: watu wakisukumana kwa nguvu mlangoni, anayepita ni mmoja mmoja, na kadiri wa nyuma wanavyoongeza nguvu ndivyo mlango unavyozidi kukwama. Moyo huu nao kadiri unavyochochewa ndivyo unavyotoa damu kidogo zaidi. Na kwa kuwa jani lile limeacha mahali pake, valvu inavuja, damu inarudi ilikotoka, na mapafu yanazidi kujaa.

Kati ya wagonjwa 100 wa takotsubo, 10 hadi 25 hupata kizuizi hicho kwa kiwango fulani. Mgonjwa wa namna hii presha yake inaweza kuporomoka, mikono ikawa ya baridi, mkojo ukapungua, fahamu zikayumba. Akifika chumba cha dharura na presha ya 70, mkono wa daktari unakwenda kwenye adrenalini au dobutamini, dawa za kuupa moyo nguvu. Kwa mgonjwa mwingine zingemwokoa. Kwa huyu ni kuongeza wasukumaji mlangoni. Dawa ya kukojoza, inayotolewa kwa nia njema ya kukausha mapafu, hupunguza damu chumbani, kuta zinakaribiana, njia inazidi kuwa finyu. Kidonge cha kuweka chini ya ulimi kwa maumivu ya kifua nacho huifungua mishipa ya mwili na kuzidisha tatizo lilelile. Huyu anahitaji kinyume: maji ya mshipani kwa tahadhari iwapo mapafu yanaruhusu, dawa za kutuliza mapigo ili moyo upunguze kukaza, na ikibidi dawa za kubana mishipa ya mwili bila kuuchapa moyo.

Ila mgonjwa wa kitanda cha pili, mwenye takotsubo hiyohiyo lakini asiye na kizuizi, mapafu yake yamejaa na dawa ya kukojoza ndiyo itakayompa nafuu. Kinachowatofautisha ni kipimo cha ECHO, mashine inayosogezwa kitandani na kuonyesha damu inavyopita shingoni mwa mtungi. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo ambacho ndugu wana haki kabisa ya kukiulizia: "Daktari, ECHO imeonyesha njia ya kutokea damu iko wazi?" Swali hilo halimkosei heshima daktari yeyote.

Ndiyo sababu pia nasisitiza kuhusu kile kinachotokea sebuleni kabla ya gari kufika. Jirani mwenye presha anachomoa kidonge chake kwenye pochi, anampa mwenzake kwa huruma. Huruma ni ya kweli, lakini kidonge hicho kinaweza kuwa ndicho hasa kisichotakiwa. Mketisheni, mfungulieni madirisha, punguzeni watu, tafuteni gari. Si bodaboda, kwa mtu anayeweza kupoteza fahamu njiani.

Dhara la tatu lina ukatili wa pekee, kwa kuwa huja wakati watu wameanza kushukuru. Damu isiyotembea huganda. Ncha ya moyo iliyolala ni kama kona ya dimbwi ambako maji yametuama. Donge la damu hujijenga humo kwa wagonjwa takriban 2 hadi 8 katika kila 100. Donge likiwa limetulia kwenye msuli uliolala, halina habari. Ila siku zinapita, msuli unaanza kuamka, ncha inaanza kukaza tena, na mkazo huo wa kupona ndio unaoweza kulibandua donge na kulirusha. Likipanda kichwani ni kiharusi. Likishuka mguuni, mguu unakuwa baridi na mweupe. Mama aliyekwisha kula uji na kuwaambia wajukuu anajisikia vizuri anaamka mdomo umeenda upande. Nyumbani watasema msiba mmoja umeita mwingine, wakati sababu ilikuwa ndani ya kifua chake tangu siku ya kwanza.

Donge likionekana kwenye ECHO, mgonjwa hupewa dawa ya kuzuia damu kuganda kwa miezi 3 hivi, kisha hupimwa tena. Akipewa warfarini kuna mambo mawili. Damu yake ipimwe mara kwa mara ili dozi isizidi wala isipungue. Na mboga za majani zina vitamini K inayopingana na dawa hiyo, kwa hiyo mchicha, matembele na kisamvu asiviache wala asivikimbilie ghafla. Ale kiasi kilekile wiki hadi wiki. Wageni wa msiba huleta chakula cha kila namna, kwa hiyo awepo mtu mmoja anayesimamia sahani yake.

Mapigo nayo huharibika. Kwa wengine vyumba vya juu vya moyo hupiga ovyo, jambo linaloongeza tena hatari ya donge. Linalotisha zaidi huonekana kwenye ECG: muda ambao moyo unautumia kujipanga upya baada ya kila pigo unarefuka, na ukirefuka mno moyo unaweza kuingia kwenye mapigo ya kasi yasiyosukuma damu yoyote. Mtu anaanguka na kufa kwa dakika chache kama hakuna mashine ya kuustua moyo. Hatari hii huwa kubwa kati ya siku ya 2 na ya 4. Si siku ya kwanza, watu wanapomzunguka, bali siku ile turubai linafunguliwa na wageni wanaaga.

Vipo vitu viwili vinavyourefusha muda huo ambavyo misiba yetu huvizalisha bila mtu kukusudia. Kwanza ni njaa. Mfiwa hajala tangu juzi, pengine ametapika, na madini ya potasiamu na magnesiamu yameshuka. Pili ni dawa. Akionekana mnyonge mtu anakwenda duka la dawa na kurudi na chochote. Kwinini hurefusha muda huo. Azithromaisini, inayomezwa siku hizi kwa kila kikohozi, nayo huurefusha. Kwa mtu mwenye moyo mzima mara nyingi hayatokei makubwa. Kwa mwenye moyo uliofura, dawa yoyote inayoingia mwilini mwake wiki hiyo ijulikane na daktari wake.

Kuna na moyo kupasuka kweli, ukuta wa msuli ukaachia. Ni nadra, chini ya mmoja katika 100, na huwapata zaidi wanawake wenye umri mkubwa. Nautaja kwa sababu tumezoea kusema "moyo umepasuka kwa huzuni", na yapo matukio machache ambapo usemi huo ni taarifa ya kitabibu.

Walio katika hatari kubwa wanaweza kutambuliwa mapema: presha iliyoshuka wanapofika, msuli unaosukuma chini ya nusu ya kawaida yake, chumba cha upande wa kulia wa moyo nacho kikiwa kimeathirika, mwanaume, mtu aliyeugua baada ya tatizo la mwili. Hawa wanahitaji kitanda chenye mashine ya kufuatilia mapigo saa zote. Na hata kwa asiyekuwa na alama hizo, siku mbili tatu za mwanzo si za kuomba ruhusa ya kutoka. Najua kinachoombwa na kwa nini. Maiti inazikwa leo kabla ya alasiri, na mke anataka kuwepo. Nimeona ndugu wakigawanyika mbele ya mlango wa wodi kwa jambo hilo, wote wakiwa na mapenzi. Mimi nasimama na wanaosema abaki kitandani.

Kupona kwa msuli huchukua siku hadi wiki kadhaa, mara nyingi wiki 4 hadi 8. Kupona kwa mtu huchukua muda mrefu zaidi. Wapo wanaoendelea kuchoka wakipanda ngazi, kusikia kifua, kuogopa simu ya usiku, ilhali ECHO inasema moyo umerudi. Ugonjwa hurudi kwa wagonjwa wasiozidi 2 katika 100 kwa mwaka, na huweza kuchochewa na jambo tofauti kabisa na la kwanza. Kwa hiyo akienda kufanyiwa upasuaji miaka 5 baadaye, au akibanwa na pumu, amwambie daktari: moyo wangu uliwahi kufura. Cheti cha kutokea wodini akitunze pamoja na kadi ya bima.

Akifikishwa mapokezi, anayemsindikiza aseme kilichotokea kwa mpangilio: kifua kilibana saa ngapi, kilibana baada ya nini, amemeza nini tangu hapo. Wengi huona haya kutaja msiba mbele ya sista, kana kwamba wanasingizia. Ataje. Taarifa hiyo haibadilishi haraka ya kumhudumia, lakini humpa daktari sababu ya kuutafuta mtungi kwenye ECHO.

Kwa mama wa Tandika, ECHO ya marudio itaangukia karibu na arobaini ya marehemu, na ile ya kuangalia kama donge limeyeyuka itaangukia mwezi wa tatu. Zote mbili zimo ndani ya eda yake, ambayo ni miezi 4 na siku 10. Eda haimzuii mwanamke kwenda kutibiwa. Masheikh wanaruhusu kutoka kwa dharura ya namna hiyo, na asiye na hakika amuulize imamu wa msikiti wake mapema, si asubuhi ya kliniki. Tarehe za vipimo ziandikwe kwenye karatasi ileile iliyoandikwa tarehe ya hitima, na jina la mtoto atakayempeleka liandikwe pembeni.